Kijana wa Namba 99

Saa ya futiboli ya Marekani huhesabu dakika 60, ila atakayekaa uwanjani atakaa zaidi ya saa tatu. Ndani ya muda huo wote mpiga mikwaju huitwa mara chache, na kila anapoitwa kazi yake huisha kabla shabiki hajakohoa. Mtoa mpira, aliyeinama katikati ya mstari, huurusha nyuma kati ya miguu yake yapata yadi saba au nane. Mshikaji, aliyepiga goti moja, huudaka na kuusimamisha kwa ncha ya kidole. Mpigaji anakuja. Tangu mpira uondoke mikononi mwa mtoaji mpaka uguswe na mguu hupita kama sekunde moja na robo hivi, na humo humo wanaume wa kilo 130 wa upande wa pili wanasukumana wapate mwanya wa kunyoosha mkono.

Akimaliza anarudi benchi. Kama mpira umepita kati ya nguzo mbili, juu ya mwamba, timu ina pointi 3 na anapigwapigwa begani. Kama umekosa, wenzake humwachia nafasi. Hawamchukii, hawajui tu la kumwambia. Wiki nzima amefanya mazoezi pembeni, yeye na mtoaji na mshikaji wake, wakati wenzake wakigongana kwenye uwanja mkubwa. Ni mwembamba kuliko wote. Jezi yake mara nyingi hurudi nyumbani safi. Halafu jioni moja ya Novemba msimu mzima wa watu zaidi ya 80 unawekwa mbele ya mguu wake.

Kati ya wapigaji wa vyuo vikuu wa muongo uliopita, hakuna ambaye maisha yake ya uwanjani yanastahili kusomwa taratibu kuliko Adam Griffith wa Chuo Kikuu cha Alabama, jezi namba 99. Mamilioni wanamjua kwa sekunde moja. Alicheza misimu minne.

Alizaliwa Poland, jina lake Andrzej Dębowski, na sehemu ya utoto wake ilipita katika kituo cha watoto yatima. Alipokuwa na umri wa miaka 13 familia moja ya Calhoun, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Georgia, ilimchukua kuwa mtoto wao. Alifika Marekani hajui Kiingereza. Alichojua ni soka, ile ya miguu tunayoijua sisi, na soka haihitaji mkalimani. Mtoto anayepiga mpira vizuri hupata marafiki kabla hajapata maneno.

Calhoun ni kusini mwa Marekani, na huko Ijumaa usiku ni ya futiboli ya shule za sekondari. Taa za uwanja zikiwashwa mji mzima unahamia huko. Kijana mwenye mguu mzuri hawezi kuachwa akacheze soka peke yake. Makocha walimwona, wakampa mpira ule wenye ncha mbili, na haikuchukua muda akawa miongoni mwa wapigaji wa sekondari waliosifika nchini. Alabama, timu yenye nguvu kuliko zote wakati huo chini ya kocha Nick Saban, ikampa ufadhili wa masomo. Hilo lenyewe ni jambo kubwa. Vyuo vingi huwaacha wapigaji waje kwa gharama zao, wajaribiwe, na ufadhili uje baadaye kama utakuja.

Lakini mvulana wa Poland angewezaje kuingia kwenye mchezo huu kwa mguu uliofunzwa soka? Mlango huo ulifunguliwa na mkimbizi mmoja kutoka Ulaya ya Mashariki, miaka hamsini kabla yake, na bila yeye Griffith asingekuwepo katika kitabu hiki.

Pete Gogolak alizaliwa Budapest mwaka 1942. Wananchi wa Hungaria walipoinuka mwaka 1956 na vifaru vya Wasovieti vikawazima, familia yake ilivuka mpaka kwa miguu kuingia Austria, kisha ikapata hifadhi Marekani na kukaa Ogdensburg, mji wa jimbo la New York ulio ukingoni mwa mto St. Lawrence, ng'ambo yake Kanada. Shule aliyoingia haikuwa na timu ya soka. Ilikuwa na futiboli.

Wakati huo karibu Wamarekani wote walipiga mkwaju kwa namna moja. Mpigaji alisimama nyuma ya mpira, akaja moja kwa moja, akaupiga kwa ncha ya kiatu, na wengine walivaa kiatu chenye pua bapa kwa kazi hiyo tu. Gogolak alisimama pembeni. Alikuja kwa mshazari na kuupiga mpira kwa juu ya mguu, upande wa ndani, kama mtoto yeyote wa Budapest, au wa Ilala, au wa Kisumu anavyopiga adhabu ndogo. Sababu ya namna hii kuwa bora si ngumu kuelewa. Ncha ya kiatu inagusa mpira mahali padogo sana, na kosa dogo la upande hulipwa kwa kukosa lango. Juu ya mguu pana eneo pana zaidi la kugusa mpira. Na anayekuja kwa mshazari anazungusha nyonga nzima, si goti peke yake, kwa hiyo mguu unafika kwa kasi kubwa zaidi.

Alienda Chuo Kikuu cha Cornell, na huko alipachika mikwaju 44 mfululizo ya pointi moja, ile inayopigwa baada ya timu kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Ilikuwa rekodi ya vyuo vikuu. Mwaka 1964 Buffalo Bills wakamchukua kwenye ligi ya kulipwa ya AFL, na akashinda nao ubingwa mara mbili. Mwaka 1966 mkataba wake ulipoisha, New York Giants wa ligi hasimu ya NFL wakamsajili. Mpaka hapo ligi hizo mbili zilikuwa zikigombania vijana wanaotoka vyuoni, lakini karibu hakuna aliyethubutu kumnyang'anya mwenzake mchezaji aliyekwisha kucheza. Giants walithubutu, na kwa ajili ya mpiga mikwaju. AFL wakajibu kwa kuwafuata warushaji wakubwa wa NFL wakiwa na fedha mkononi, mishahara ikaanza kupanda ovyo, na kufikia Juni 1966 matajiri wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kuunganisha ligi. Super Bowl, tamasha linalosimamisha Marekani kila Februari, ni zao la mapatano hayo.

Mdogo wake Pete, Charlie, alipiga hivyo hivyo akiwa Princeton. Mwaka 1965 wachezaji wa Cornell, chuo kilekile alichosoma kaka mtu, walipandana mabegani ili wamzuie, binadamu juu ya binadamu. Leo sheria hairuhusu. Lakini hebu fikiria hofu iliyowafanya wapandane! Ndani ya miaka ishirini namna ya zamani ilikuwa imekwisha. Mark Moseley wa Washington, wa mwisho kupiga kwa ncha ya kiatu katika NFL kama kazi yake ya kudumu, alistaafu mwaka 1986.

Afrika nayo ilipita katika mlango huo. Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, kilikuwa na timu nzuri ya soka iliyowavuta vijana wa Nigeria, na kocha wa futiboli hakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta miguu. Obed Ariri wa Owerri aliwapigia Clemson mpaka mwaka 1980 na akaondoka na rekodi ya taifa ya mikwaju mingi ya pointi 3. Akamfuata Mnigeria mwenzake, Donald Igwebuike. Usiku wa tarehe 1 Januari 1982, Clemson walipoifunga Nebraska 22 kwa 15 kwenye Orange Bowl na kuwa mabingwa wa taifa kwa mara ya kwanza, pointi 9 kati ya hizo 22 zilitoka kwenye mguu wa Igwebuike. Wote wawili baadaye walicheza Tampa Bay, na huko mwaka 1985 Igwebuike ndiye aliyechukua nafasi ya Ariri. Nafasi ni moja tu kwenye kila timu, na hata ndugu wa nchi moja hunyang'anyana.

Griffith alipofika Tuscaloosa, uliko Chuo Kikuu cha Alabama, mwaka 2012, alikuta lango limekuwa jembamba. Si maneno ya kishairi. Nguzo za sekondari zimeachana futi 23 na inchi 4, kama mita 7.1. Za chuo kikuu zimeachana futi 18 na nusu, mita 5.6. Kijana anayetoka sekondari anapoteza mita moja na nusu ya lango kwa kiangazi kimoja. Sekondari pia inamruhusu kuweka mpira juu ya kibao kidogo cha inchi mbili. Vyuo vilikipiga marufuku mwaka 1989, na tangu hapo mpira unapigwa kutoka kwenye nyasi zenyewe.

Kisha kuna alama za katikati ya uwanja ambazo mtazamaji wa televisheni mara nyingi hazitilii maanani. Mpira ukisimama pembeni, refa huusogeza mpaka kwenye alama ya karibu, na mchezo unaanzia hapo. Katika NFL alama za kushoto na kulia zimeachana sawasawa na upana wa lango, kwa hiyo mkwaju wa NFL hauendi mbali sana na katikati. Vyuoni zimeachana futi 40. Mpigaji wa chuo kwa hiyo analazimika kupiga kwa pembe kali ambazo mwenzake anayelipwa mamilioni hakutani nazo. Watu wanaposema wapigaji wa vyuo ni dhaifu, husahau hili, na mimi naona ni dhuluma ndogo inayorudiwa kila Jumamosi.

Mwaka wake wa kwanza hakucheza. Sheria iliwapa wachezaji misimu minne ndani ya miaka mitano, na makocha huwaweka vijana kando mwaka mmoja wakue. Mwaka 2013 alikuwa chini ya Cade Foster, mpigaji wa mwaka wa mwisho. Alabama ilikuwa imetwaa ubingwa wa taifa 2011 na 2012, na kufikia mwisho wa Novemba ilikuwa namba moja nchini, haijafungwa. Iliyobaki kabla ya fainali ya kanda ni Auburn.

Hapa lazima nieleze Auburn. Jimbo la Alabama halina timu hata moja ya NFL. Lina vyuo vikuu viwili hivi, na mechi yao ya kila mwaka, Iron Bowl, inagawanya familia. Walianza kucheza mwaka 1893, wakagombana, wakakaa miaka arobaini bila kukutana uwanjani, wakarudiana mwaka 1948. Mwaka 2010, Auburn ilipotoka nyuma ikashinda, shabiki mmoja wa Alabama alikwenda kumwaga sumu kwenye mialoni miwili mikongwe ya Toomer's Corner, pale ambapo watu wa Auburn hushangilia ushindi kwa kutupia miti karatasi za chooni. Miti ikafa. Iling'olewa Aprili 2013, miezi michache kabla ya mechi ninayoisimulia. Mpigaji wa umri wa miaka ishirini anaingia katikati ya ugomvi wa namna hiyo.

Tarehe 30 Novemba 2013, uwanja wa Jordan-Hare, watu 87,451. Siku hiyo ilikuwa na historia yake. Miaka 28 kamili kabla, tarehe 30 Novemba 1985, mpigaji wa Alabama Van Tiffin alipachika mkwaju wa yadi 52 wakati saa inakwisha, Alabama ikaifunga Auburn 25 kwa 23. Kule mkwaju huo unaitwa kwa jina moja tu, Mkwaju, na kila mtu anajua ni upi. Kila mpigaji wa Alabama anaishi chini ya picha hiyo.

Foster alikuwa na siku mbaya. Alikosa mkwaju mmoja mapema. Akapachika mwingine, refa akaufuta kwa kosa la mwenzake, akarudia akiwa amerudishwa nyuma, akakosa. Robo ya nne Saban akaacha kumwamini. Badala ya kuchukua pointi 3 karibu na lango aliamua kusukuma mpira kwa nguvu, Auburn wakasimama imara. Baadaye Foster akaitwa tena, mkwaju ukazuiwa. Zikiwa zimebaki sekunde 32, Auburn wakasawazisha: 28 kwa 28.

Alabama wakakimbia na mpira mpaka nusu ya Auburn, saa ikaonyesha sifuri. Saban akagoma. Alisisitiza mkimbiaji wake alitoka nje ya mstari kabla saa haijaisha. Waamuzi wakatazama video, wakamkubalia. Wakarudisha sekunde moja.

Fikiria alichokuwa nacho kocha. Angeweza kurusha mpira mrefu mpaka kwenye eneo la mwisho na kuomba Mungu. Angeweza kukubali muda wa nyongeza. Alichagua mkwaju wa yadi 57, mita 52, na kwa kuwa Foster alikuwa ameshakosa, akamwita kijana namba 99 ambaye hakuwa amepiga mkwaju hata mmoja siku hiyo. Kocha wa Auburn, Gus Malzahn, akaomba taimauti. Watu walidhani anataka kumgandisha kijana kwa hofu, maana ndivyo makocha wafanyavyo. Alikuwa na wazo jingine. Alimpeleka Chris Davis, beki mwenye mbio, asimame peke yake chini ya nguzo.

Sheria inasema mkwaju ukiwa mfupi, ukashuka ndani ya uwanja, mpira uko hai. Anayeudaka anaweza kukimbia nao. Mbele yake hakuna watu wepesi. Kikosi cha mkwaju kimejaa majitu ya mstari wa mbele waliochaguliwa kwa unene, kazi yao ni kusimama kama ukuta, si kumfukuza mtu.

Griffith alipiga vizuri. Ukitazama video tena utaona: mtoaji safi, mshikaji safi, mguu umepita wote. Mpira ulienda karibu kabisa na ulipotakiwa kwenda, ukapungukiwa pumzi. Davis akaudaka ndani kabisa ya eneo la mwisho, akakata kushoto, akashika mstari wa pembeni, na majitu ya Alabama wakaanza kugeuka mmoja mmoja kama malori kwenye barabara nyembamba. Alikimbia yadi 109. Vitabu vya takwimu vinaandika 100 kwa kuwa havihesabu zilizo nyuma ya mstari wa lango. 34 kwa 28. Watu wakamiminika uwanjani. Wamarekani wanaiita mechi hiyo Kick Six, na wengi hawasiti kusema hakuna mwisho wa ajabu kuliko huo katika historia ya futiboli ya vyuo.

Yaliyofuata ni aibu, na nayaandika kwa hasira. Foster alitukanwa mitandaoni na kutishiwa kuuawa. Alikuwa mwanafunzi. Hakulipwa; mpaka Julai 2021 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilimkataza mchezaji hata kulipwa kwa kutumia jina lake mwenyewe, huku makocha wakilipwa mamilioni ya dola kwa mwaka na televisheni zikilipa zaidi. Kijana aliyecheza bila mshahara aliambiwa afe kwa kukosa mikwaju. Rais mstaafu George W. Bush, aliyekuwa rais wa 43, alimwandikia barua fupi kwa mkono wake kumfariji, akajitaja kuwa ni 43 mwingine, maana Foster alivaa jezi namba 43. Ilikuwa barua njema. Bado ilimfikia mmoja tu, na wapigaji wanaotishwa kila msimu ni wengi.

Kuhusu ule mkwaju wa mwisho, msimamo wangu uko wazi. Kosa halikuwa la Griffith. Aliyeamua ni kocha. Walioshindwa kumkamata Davis ni watu kumi wengine pamoja na yeye. Lakini video inamwanza mpigaji, na macho ya watu yanabaki kwa wa kwanza waliyemwona.

Sisi wa Afrika tunalijua hili kwa Asamoah Gyan wa Ghana. Julai 2, 2010, Johannesburg, kwenye Kombe la Dunia la soka, dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza dhidi ya Uruguay, penalti iliyogonga mwamba. Kila mtu anaikumbuka. Wachache wanakumbuka kwamba dakika chache baadaye, zilipoanza penalti za kuamua mechi, Gyan ndiye aliyetangulia kupiga kwa upande wa Ghana, na alifunga. Nauliza: yupi kati ya hao wawili ndiye Gyan?

Griffith alipata muda mrefu zaidi kujibu. Foster alihitimu, na msimu wa 2014 nafasi ikawa yake. Tarehe 8 Novemba, usiku, Baton Rouge, Louisiana, katika moja ya viwanja vyenye kelele kuliko vyote nchini, Alabama ilikuwa nyuma ya wenyeji LSU kwa 13 kwa 10, ikiwa imebaki chini ya dakika moja. LSU walipoanzisha mpira, mpigaji wao akautoa nje, na adhabu yake ikawapa Alabama mwanzo mzuri. Zikiwa zimebaki sekunde 3, Griffith alisimama kwa mkwaju wa yadi 27. Kwa umbali ni mkwaju wa mazoezi. Mpigaji yeyote atakuambia huo ndio mbaya, kwa sababu hakuna atakayekusamehe. Aliupachika. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Alabama ikashinda 20 kwa 13.

Haikuwa njia iliyonyooka. Msimu wa 2015 alianza kwa kukosa, mkwaju baada ya mkwaju, mpaka mashabiki wakaanza kuuliza kama Alabama imelaaniwa kwa wapigaji. Walikuwa na kumbukumbu ndefu: Novemba 2011, katika mechi ya namba moja na namba mbili, Alabama ilikosa mikwaju minne na kufungwa na LSU 9 kwa 6. Kocha mwingine angembadilisha. Saban, ambaye si mtu wa huruma za bure, alimwacha. Mpigaji aliyekosa hurekebishwa kwa vitu vidogo: hatua zake za kurudi nyuma na za pembeni, mahali mguu usiopiga unapotua kando ya mpira, kichwa kisiinuke mapema kufuata mpira kabla haujapigwa. Na hupigishwa kwa kipimo. Mguu una idadi yake ya mateke kwa wiki, na kijana mwenye wasiwasi anayepiga mamia usiku kuutafuta uhakika huja Jumamosi na mguu mchovu. Subira ni sehemu ya mazoezi.

Tarehe 28 Novemba 2015, Iron Bowl ikarudi Jordan-Hare. Nyasi zilezile, nguzo zilezile. Alabama walipenya mpaka karibu na lango tena na tena, wakazuiwa, na kila walipozuiwa namba 99 aliingia. Alipachika mikwaju mitano kati ya mitano, mmoja wa yadi 50. Alabama ilishinda 29 kwa 13. Zaidi ya nusu ya pointi zile zilitoka kwa yule ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametoka hapo akiwa ameinamisha kichwa. Magazeti siku ya pili yalimsifu Derrick Henry, aliyekimbia yadi 271 na kupata Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, wiki mbili baadaye. Sawa. Lakini hesabu haidanganyi.

Na bado hakuwa amemaliza. Januari 11, 2016, Glendale, Arizona, fainali ya taifa dhidi ya Clemson, chuo cha Ariri na Igwebuike. Robo ya nne, Clemson mbele 24 kwa 21. Griffith akapiga mkwaju wa yadi 33: 24 kwa 24. Zilikuwa zimebaki dakika 10 na sekunde 34.

Baada ya pointi, timu iliyozipata huanzisha upya kwa kuwapigia wapinzani mpira mbali. Sheria lakini ina kipengele: mpira ukishasafiri yadi kumi, ni wa yeyote atakayeuwahi. Saban aliona kwamba Clemson, kila wanapopokea, hujikusanya upande mmoja na kuacha eneo upande wa kulia bila mtu. Alabama walikuwa wameufanyia mazoezi mpira maalumu kwa nafasi ya namna hiyo. Si teke la nguvu. Ni mpira wa kubetua, unaopanda juu na kushuka kama yadi kumi na tano mbele, sawasawa kwenye mwanya, na mwenzako anayekimbia aukute angani. Ukipungua ni balaa, Clemson wanaanzia karibu na lango lako. Ukizidi, mpokeaji anaudaka kwa raha.

Griffith akasimama kana kwamba anapiga mbali kama kawaida, akakimbia kama kawaida, na mwishoni akapunguza mguu. Mpira ulipanda, ukashuka begani mwa mwenzake Marlon Humphrey, aliyeudaka akiwa mbioni bila mtu wa Clemson karibu naye. Kamera zikamgeukia Saban. Alikuwa anatabasamu, na waliomfuatilia wanajua hilo halikuwa jambo la kila wiki. Muda mfupi baadaye Alabama walipata pointi kwa pasi ya yadi 51, wakaongoza, na hawakuachia tena: 45 kwa 40, ubingwa wa nne wa Saban akiwa Alabama.

Msimu uliofuata ulikuwa wa mwisho kwa Griffith, na Alabama ikafika fainali tena, Januari 2017, ikafungwa na Clemson haohao 35 kwa 31. Baada ya hapo hakukuwa na Jumapili za NFL kwake. Hilo si la kushangaza wala si la kumwonea haya. Ligi ina timu 32, kila moja ina mpigaji mmoja, na wapigaji hawazeeki upesi: Adam Vinatieri alipiga mpaka mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 46. Vyuo vya daraja la juu vinavyotoa wapigaji ni zaidi ya mia na ishirini. Kwa wengi wa vijana hawa, maisha yote ya mpigaji ni miaka yao ya chuo, na ndiyo maana miaka hiyo inapaswa kuhesabiwa yote.

Msomaji, ukiandika jina la Adam Griffith kwenye simu yako, video ya Novemba 30, 2013 itakujia yenyewe, na itazame, maana ni ya ajabu kweli. Kisha tafuta ya Novemba 28, 2015. Uwanja ni uleule. Mikwaju mitano, na mitano yote ilipita.